Sambusa Zisizopasuka Wala Kunywa Mafuta: Mwongozo Kamili kwa Jiko la Dodoma

Malalamiko ni yale yale matatu. Manda, yale maganda membamba ya unga, zinakatika zikikunjwa. Sambusa zinapasuka ndani ya karai na kumwaga nyama. Zile zinazonusurika zinatoka zimelowa mafuta kiasi kwamba gazeti ulilozilaza juu yake linaonyesha upande wa pili.

Wengi hubadilisha unga, kisha mafuta, kisha bucha. Kosa mara nyingi haliko huko. Liko kwenye maji: yamepungua kwenye manda na yamezidi kwenye nyama. Kwa Dodoma jambo hili lina uzito zaidi kuliko Tanga au Dar es Salaam, kwa sababu kuanzia Mei hadi Novemba hewa ni kavu na upepo hautulii. Manda ambayo pwani ingesubiri mezani bila shida, hapa ukienda kufungua geti tu unarudi kuikuta imekakamaa.

Mwongozo huu unatoa sambusa 48 za nyama, ukubwa wa zile za chai ya saa nne. Ukiwa mgeni kwenye kazi hii, gawanya vipimo vyote kwa mbili.

## Kwanza, jina lisikupoteze

Ukitafuta maelekezo kwa jina la "samosa", mengi utakayoyapata ni ya Kihindi: unga mgumu uliosuguliwa na samli, ganda nene, viazi ndani. Ni chakula kizuri, lakini ukichukua unga ule ukatarajia sambusa nyembamba za kwetu, utalia.

Majina haya ni ndugu. Mzizi ni Kiajemi, *sanbosag*. Waarabu wakasema *sambusak*, India ikawa *samosa*, Asia ya Kati *samsa* ambayo huokwa badala ya kukaangwa, na majirani zetu wa Msumbiji wanasema *chamuça* kwa Kireno. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, alipokuwa Delhi baadaye alieleza *samusak* za mezani kwa sultani: nyama iliyokatwakatwa na kupikwa kwa lozi, pistachio, vitunguu na viungo, ikafungwa kwenye mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Ondoa lozi na pistachio, na hiyo ni sambusa yetu. Neno la kushika katika maelezo yake ni "mwembamba". Kwetu ganda ni manda, na manda ndiyo kazi yenyewe.

## Mahitaji

Manda

- Unga wa ngano wa kawaida, gramu 500, usiwe wa kujiumukia
- Chumvi, kijiko cha chai 1
- Mafuta ya kula, vijiko vya chakula 2
- Maji ya vuguvugu, mililita 280 hadi 300
- Mafuta na unga wa ziada wa kupaka na kunyunyiza kati ya manda

Nyama

- Nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyo na mafuta mengi, kilo 1
- Vitunguu maji, nusu kilo
- Tangawizi iliyotwangwa, kijiko cha chakula 1
- Kitunguu saumu kilichotwangwa, kijiko cha chakula 1
- Chumvi, kijiko cha chai 1 na nusu
- Binzari nyembamba na pilipili manga, kijiko cha chai 1 kila kimoja
- Ndimu 1
- Majani ya giligilani, fungu 1
- Pilipili kali, kwa kadiri ya walaji

Gundi

- Unga wa ngano vijiko vya chakula 3, maji vijiko vya chakula 4

Kukaangia

- Mafuta lita 1 na nusu hadi 2, kutegemea karai

Vyombo

Kibao na mti wa kusukumia chapati, chuma cha chapati, karai lenye kina, kijiko cha matundu, sinia pana, chujio kubwa, kisu kikali, na vitambaa viwili vya pamba visivyotoa nyuzi. Vitambaa si mapambo. Bila hivyo, msimu wa kiangazi huna manda.

Kuhusu mafuta ya alizeti. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti, na mafuta yaliyokamuliwa kwenye mashine za mtaani ni matamu kwenye mchicha na maharage. Kwa kukaangia kwenye karai hayafai kama yalivyo. Yana chembe za mashudu zinazozama na kuungua chini, yanatoa povu, na yanaanza moshi mapema. Tumia alizeti iliyosafishwa, au mafuta mengine yaliyosafishwa.

## Hatua ya 1: Kanda unga na uuache upumzike

Changanya unga na chumvi. Tia mafuta, sugua kwa vidole hadi yapotee. Mimina maji mililita 250 kwanza, changanya, kisha ongeza kidogo kidogo.

Unga uliokaa kwenye hewa kavu hunywa maji mengi, ndiyo maana kipimo kina nafasi ya kupanda hadi 300. Usikubali unga mgumu eti ni rahisi kusukuma. Unga mgumu unarudi nyuma ukiusukuma, na manda yake inapasuka kwenye mkunjo.

Kanda dakika 8 hadi 10. Mwisho uwe laini kuliko wa maandazi na mgumu kidogo kuliko wa chapati laini. Bonyeza kwa kidole: shimo lijae taratibu, na kidole kitoke kisafi.

Paka mafuta juu, funika kwa kitambaa chenye unyevu, acha dakika 30 hadi 40. Unga ukishakandwa unavutana kama mpira. Muda huo ndio unaoulegeza. Ukiruka hatua hii utasukuma manda hadi bega liume na itabaki nene.

## Hatua ya 2: Pika nyama mpaka iwe kavu

Fanya hivi unga ukiwa unapumzika.

Weka nyama kwenye sufuria bila mafuta na bila maji. Tia chumvi, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Washa moto wa kati, kisha anza kuvunjavunja kwa mwiko tangu nyama ikiwa mbichi. Ukisubiri iive kwanza itashikana mabonge, na bonge moja linatosha kutoboa manda.

Nyama itatoa maji mengi. Usiyamwage, maana ladha imo humo. Acha yakauke sufuria ikiwa wazi, dakika 15 hadi 20. Sikiliza: mwanzoni inachemka, mwishoni sauti inageuka na kuwa ya kukaangika. Hapo tia binzari nyembamba na pilipili manga, geuza dakika 2 harufu itoke.

Sasa vitunguu. Hapa ndipo sambusa nyingi zinapoharibikia. Vikate vidogo, ukubwa wa punje ya choroko, kwa kisu. Usivisage wala kuvikwangua, maana vinageuka uji. Vitie kwenye nyama ya moto, geuza kwa dakika 2 tu, zima moto. Vinatakiwa vilainike lakini vibaki na utamu wa kutafunika. Ukivipika hadi vilegee, vitaendelea kuchuruzika maji ndani ya manda.

Mwaga vyote kwenye sinia, tandaza vizuri. Giligilani na pilipili vitie nyama ikishapoa. Kwenye joto giligilani inasinyaa na kutoa maji yake.

Jaribio la lazima. Chukua nyama kidogo iliyopoa, ikaze kiganjani kwa nguvu, kisha fungua mkono. Kiganja king'ae kwa mafuta kidogo tu. Kukiwa na tone la maji kati ya vidole, irudishe jikoni dakika 3 au 4. Usijidanganye kwamba itakaukia kwenye karai. Kwenye karai maji yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, na pa kutokea ni kwenye mshono wako.

Nyama ipoe kabisa kabla ya kufunga, dakika 20 hadi 30. Ifunike kwa wavu wa nzi. Isikae nje zaidi ya saa 2, hasa Oktoba na Novemba jiko linapokuwa tanuri. Ukichelewa, weka kwenye friji.

## Hatua ya 3: Sukuma manda nne kwa pamoja

Gawanya unga madonge 24 yanayolingana, kama gramu 33 kila moja. Yafunike. Toa manne tu kwa wakati mmoja.

Sukuma kila donge hadi upana wa sentimita 10 hivi, kama kiganja. Paka mafuta juu ya la kwanza hadi ukingoni, nyunyiza unga mwepesi, laza la pili. Endelea hadi manne. La juu kabisa usilipake.

Mafuta na unga vina kazi moja, kuzuia manda zisigandane. Pakiachwa pakavu, hata pa upana wa shilingi, hapo ndipo manda itakapochanika ukiibandua. Ukingo ndio husahaulika zaidi.

Bonyeza fungu lote kwa viganja, kisha lisukume hadi sentimita 22. Anzia katikati kwenda nje, ukizungusha fungu robo mzunguko kila mara. Geuza chini juu mara mbili au tatu, la sivyo ya juu itakuwa pana na ya chini itabaki nene.

Kwa nini nne pamoja? Kwa sababu huwezi kusukuma moja peke yake ikafikia unene huo bila kuchanika. Zikiwa fungu zinashikiliana, na zile za katikati zinaiva kwa mvuke wa wenzake bila kugusa chuma. Watu wenye mikono wanapanga sita hadi nane. Anza na nne.

## Hatua ya 4: Pitisha kwenye chuma na ubandue

Chuma kiwe cha moto wa wastani, bila mafuta. Kwenye jiko la mkaa, funga mlango wa majivu na utoe makaa mawili matatu. Moto mkali unatia madoa ya kahawia, na penye doa pamekauka, na penye ukavu patavunjika.

Laza fungu, hesabu sekunde 20 hadi 30. Manda itageuka kutoka uwazi kuwa nyeupe na kutoa vivimbe vidogo. Geuza, sekunde 20 nyingine. Ipua.

Bandua hapo hapo ikiwa ya moto. Vidole vitaungua kidogo. Chovya ncha zake kwenye unga. Ikishapoa zinashikana. Ukiona za katikati bado zinanata kama unga mbichi, rudisha chumani sekunde 10. Manda mbichi mno ndiyo inayotoa malengelenge sambusa ikikaangwa.

Sasa kitambaa. Tandika kimoja kilicholoweshwa na kukamuliwa sana ndani ya hotipoti au chini ya bakuli lililofunikizwa, weka manda, funika kwa cha pili. Kitambaa kinachodondosha maji kitazigeuza manda kuwa gundi. Kikavu hakina maana. Funga dirisha upepo unapovuma na zima feni. Manda nzuri ukiikunja mara mbili na kuibana kwa vidole haitoi ufa, na ukiweka kiganja nyuma yake unaona kivuli cha vidole.

Zikiwa zimeshakakamaa, si zote zimepotea. Zifungie kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa nailoni dakika 15. Zitalainika. Zilizoungua madoa hazirudi. Zikate vipande, zikaange, nyunyizia chumvi, watoto watazimaliza.

## Hatua ya 5: Kata na ukunje

Kata kila manda katikati. Unapata nusu duara 48.

Koroga gundi iwe nzito kama uji wa mtoto aliyeanza kula. Nyepesi inateleza na kulowesha manda.

Laza nusu duara mbele yako, ukingo ulionyooka uwe juu, mviringo uelekee kwako. Katikati ya ule ukingo ulionyooka ndipo pembe ya sambusa itakapokuwa. Weka kidole hapo kisiondoke.

1. Kunja theluthi ya kulia kuelekea katikati.
2. Paka gundi juu ya sehemu uliyoikunja, hasa karibu na pembe.
3. Kunja theluthi ya kushoto juu yake, bana kwa sekunde chache.
4. Inua. Una koni, kama ile ya karatasi ya kufungia karanga.

Kabla ya kujaza, ielekeze dirishani na uchungulie ndani. Ukiona nukta ya mwanga kwenye pembe, kuna tundu. Tundu la ukubwa wa punje ya uwele linaingiza mafuta tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Tia tone la gundi kwa ndani, bana tena. Uchunguzi huu unachukua sekunde mbili na ndio unaotenganisha sambusa kavu na sambusa ya kukamua.

Jaza kijiko cha chakula kimoja kilichojaa, kama gramu 20. Sukuma nyama hadi ifike kwenye pembe kwa nyuma ya kijiko, ukiacha mdomo wa sentimita 2. Usipakie. Sambusa iliyojazwa mpaka ikavimba inafungwa kwa kuivuta, na manda iliyovutwa inaachia ikikutana na mafuta.

Ingiza mdomo wa upande wenye mikunjo ndani juu ya nyama. Paka gundi mdomo uliobaki, uvute juu, funika, bana kutoka katikati kwenda kona zote mbili. Kona mbili za mdomo ndizo za pili kwa kuvuja baada ya pembe. Zitie gundi ya ziada.

Zilaze upande wa mshono chini kwenye sinia lililonyunyizwa unga, zisigusane, na uzifunike. Zikaange ndani ya saa moja, au zipeleke kwenye friza.

Kama unatumia manda za pakti, zile ndefu zilizokatwa mstatili, ukunjaji ni wa pembetatu juu ya pembetatu. Ziache ziyeyuke kabisa zikiwa ndani ya pakti. Ukizibandua zikiwa na barafu zinachanika zote, na si kosa la aliyezitengeneza.

## Hatua ya 6: Kaanga taratibu

Jaza mafuta karai lisizidi nusu. Kina cha sentimita 5 hadi 6 kinatosha. Sambusa zikiingia mafuta yanapanda na kutoa povu. Juu ya makaa, yakimwagika ni moto. Mfuniko uwe karibu. Mafuta yakishika moto yafunike, usiyatie maji.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 160 hadi 170. Bila kipimajoto, dondosha kipande cha manda: kizame, kisha kiibuke juu baada ya sekunde 3 au 4 kikiwa na mapovu madogo ya utulivu. Kikielea papo hapo na kuwa kahawia, mafuta yamezidi moto. Kikikaa chini kimya, subiri.

Mafuta ya baridi yanaingia ndani ya manda kabla haijakaza, na hiyo ndiyo sambusa ya kulowesha gazeti. Mafuta ya moto sana yanatia rangi nje huku tabaka za ndani zikiwa laini. Ikipoa inalegea kama haijawahi kukaangwa.

Weka 6 hadi 8 kwa mkupuo. Ukizijaza, joto linashuka na unarudi kwenye tatizo la mafuta ya baridi. Geuza mara kwa mara. Dakika 5 hadi 7 zinatosha. Nyama imeshaiva, unachokifanya ni kukausha ganda tu. Angalia mapovu: yakipungua kuizunguka sambusa, maji yameisha. Toa ikiwa rangi ya dhahabu, si kahawia, kwa sababu itaendelea kuiva kidogo nje.

Mkaa una tabia ya kupanda joto polepole bila kukuambia. Baada ya kila mikupuo miwili, rudia jaribio la kipande cha manda. Chota pia mabaki yaliyozama, yakiungua yanazitia uchungu zinazofuata.

Zisimamishe kwenye chujio, pembe juu, mafuta yashuke. Kuzirundika kwenye karatasi kunazifanya zijiloweshe zenyewe: ya chini inanyonya ya juu. Iliyofaulu ukiigonga kwa kucha inatoa mlio mkavu, na ukiivunja tabaka zinaonekana moja moja.

## Ndani ukitaka kitu kingine

Viazi: vichemshe na maganda, viache vipoe na kukauka, ndipo uviponde. Vilivyomenywa kabla ya kuchemshwa vimeshakunywa maji.

Dengu au choroko: loweka, chemsha hadi ziive bila kuvurugika, chuja, kisha zikaangie na vitunguu mpaka sufuria ikauke. Viungo viongeze kwa theluthi moja. Mbegu za jamii ya kunde zinameza chumvi. Jaribio la kiganja linabaki lile lile.

## Za kuuza na za kuhifadhi

Wauzaji wa ndoo wanajua shida hii: sambusa zilikuwa kavu saa kumi na mbili asubuhi, zinafika ofisini Mtumba saa nne zimelegea. Ziliingizwa kwenye ndoo zikiwa za moto, mfuniko ukafungwa, mvuke ukazinyeshea. Ziache zipoe kabisa kwenye chujio, dakika 30 hivi. Tandika karatasi kavu chini ya ndoo, zipange zikiwa zimesimama, na mfuniko uuache wazi kidogo. Hewa kavu ya Dodoma, iliyokutesa kwenye manda, hapa inafanya kazi upande wako.

Sambusa za nyama zisikae kwenye ndoo kutwa nzima. Kaanga mikupuo miwili, ya saa nne na ya jioni, badala ya mmoja mkubwa wa alfajiri.

Za friza zigandishe mbichi. Zipange kwenye sinia bila kugusana hadi ziwe ngumu kama jiwe, kama saa 3, ndipo uzitie kwenye mfuko na kutoa hewa. Zinakaa mwezi mmoja bila kupoteza ladha. Zikaange zikiwa na barafu yake, moto uwe chini kidogo, ukiongeza dakika 2 au 3, na uweke 4 au 5 tu kwa mkupuo kwa sababu zinapoza mafuta haraka. Futa barafu iliyoganda juu, maana inarusha mafuta. Umeme ukikatika zikayeyuka, zikaange siku hiyo hiyo zikiwa bado baridi. Usizirudishe kwenye friza.